Punje Moja Iliyozidi

Neno takwimu nimelisikia uzeeni. Mjukuu wangu alikuja likizo na karatasi ya idara yao ya takwimu ya chuo kikuu, karatasi ya habari za mwaka mzima: nani kapandishwa cheo, nani kastaafu, mashine gani mpya imeletwa, wageni gani wametembelea. Akanisomea kwa majivuno, akidhani ananionyesha kitu ambacho sijapata kukiona. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia kwamba habari za namna ile niliziandika kwa mkono wangu kabla baba yake hajazaliwa, hapa hapa Morogoro, enzi za Mjerumani, na kwamba katika zile nilizoandika mimi kuna sentensi moja ambayo hadi leo sijaweza kuisahau. Alicheka. Alifikiri babu anapiga chuku, wala sikumlaumu, kwa sababu kuna siku hata mimi huwa siamini.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini hivi, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Mapadri wa misheni moja ya huko Uluguru walinifundisha kusoma, kuandika, na kuchora zile herufi za Kijerumani zilizopindapinda, nami nikashuka mjini nikapata ukarani bomani. Nilivaa kanzu nyeupe na kuchomeka kalamu nyuma ya sikio hata siku ya mapumziko, hata nilipokwenda sokoni kununua ndizi. Watu wazima wa mlimani walipoanza wao kuniamkia, sikuwazuia. Niliona ndivyo inavyostahili. Nayasema haya mapema ili mtu asije akanihurumia kabla ya wakati.

Mwanzoni mwa kipupwe treni ilituletea Mzungu wa aina ambayo hatukuwa tumeiona. Hakuwa askari, hakuwa bwana wa shamba la katani, hakuwa padri. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu cha kwao, kutoka idara ambayo kazi yake yote ilikuwa kuhesabu: watu, mvua, mazao, vifo. Alitumwa kukaa mwaka mmoja, afungue ofisi ya hesabu karibu na boma, na kila baada ya miezi michache awapelekee wenzake habari za ofisi yake, nao wazitie kwenye kitabu cha habari za mwaka cha idara. Nikapewa mimi niwe karani wake. Tulimwita Bwana wa Hesabu. Alikuwa bado kijana, mwekundu usoni, mpole, na Kiswahili chake alikuwa amekisoma kitabuni, sahihi mno mpaka kinachekesha. Hakupiga mtu wala hakutukana mtu. Nilimpenda, na sitageuza maneno sasa kwa sababu ya yaliyotokea baadaye.

Habari ya kwanza niliyonakili ilisema kwamba ofisi imefunguliwa, ina meza mbili, saa ya ukutani, rafu yenye chupa tupu za kioo, na karani mmoja mwenyeji mwenye akili. Hapo kwenye karani mwenye akili niliandika polepole kuliko mahali pengine pote, na wino haukudondoka.

Habari ya pili ilikuwa ya mvua. Bwana alisimika kopo la kupimia mvua uani na kumweka mzee mmoja wa Kilakala alilinde. Sasa mtu anayejua Morogoro anajua kwamba kipupwe si wakati wa kungojea mvua. Kila asubuhi Bwana alikwenda kwenye kopo, akachungulia, akashusha pumzi, akaandika kwamba hamna kitu. Asubuhi moja nilisikia ananiita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka. Nikatoka mbio. Kopo lilikuwa limejaa nusu. Mbingu ilikuwa kavu, udongo ulikuwa mkavu, majani ya mpapai uliokuwa hatua mbili kutoka pale yalikuwa na vumbi. Bwana alipima mara tatu. Siku hiyo hiyo aliandika barua ndefu kwa wenzake juu ya mvua ya Uluguru inayoanguka bila wingu, tena mahali pamoja tu.

Barua ilipokwisha kupanda treni nilimfuata mlinzi.

"Mzee, yale maji yametoka wapi?"

"Mtungini kwangu, mwanangu," alinijibu bila wasiwasi. "Kila siku mgeni wa watu anakuja kutazama, anakuta patupu, anasononeka. Nikaona nimtilie kidogo."

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Sikumwambia Bwana. Ningeshtuka siku ile, pengine ningekuwa na mengine ya kusimulia leo. Lakini nilicheka, nikaenda kula.

Baada ya mavuno ikaja kazi yenyewe, hesabu ya watu wa milimani. Tulipanda mimi na Bwana na wapagazi wawili. Nyumba ya kwanza, mwanamke alipoona kidole cha Bwana kinaelekea kwa wanawe, aliwakusanya wote akafunga mlango. Nyumba ya pili, baba mwenye nyumba alisema hana mtoto hata mmoja, na huku watoto wanachungulia kati ya miguu yake. Bwana alipigwa na butwaa. Nikamweleza kwamba kwetu mtu hahesabiwi kama mbuzi. Kumnyooshea mtoto kidole na kumtaja kwa idadi ni kumwita kifo aje achague. Alikaa juu ya jiwe akashika tama, na mimi, kwa kutaka sifa, nikapata wazo.

Nilimwambia tusihesabu watu, tuhesabu mahindi. Kila mzee alete punje zake zimefungwa kwenye jani, punje moja kwa kila mtu aliye wake, azimimine kwenye kikapu cha kilima chake bila kutamka neno. Mimi nitazihesabu punje, nitaandika nyumba ya nani imetia ngapi, kisha za kilima kizima tutazitia kwenye chupa moja. Punje haina roho ya kudhurika. Bwana aliruka kutoka kwenye lile jiwe akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Habari ya tatu kwenda chuo kikuu ilisema kwamba karani mwenyeji amebuni njia mpya ya kuhesabu. Nilijinakilia nakala ya pili ya ukurasa ule, nikautunza.

Tuliweka vikapu kwenye uwanja wa akida, msimamizi wa vilima aliyewekwa na boma, kilima baada ya kilima. Siku ya kilima chetu alishuka baba yangu, akashuka na mjomba wangu, kaka wa mama.

Hapa lazima nieleze, maana asiye Mluguru atapotea. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba anamlea, anamlisha, anampenda, hakuna ubishi. Lakini mwenye mtoto ni mjomba. Shamba utakalolima ni la ukoo wa mama, na anayekugawia ni mjomba. Ukioa yumo, ukifa ndiye atakayesimama kichwani pa kaburi. Mjomba wangu alikuwa mndewa, yaani mkubwa wa ukoo wetu pale kilimani, na tangu nilipoota meno ya pili nilikuwa nalala zaidi kwake kuliko kwa baba. Ndiye aliyenipeleka misheni. Alinibeba mgongoni siku ya kwanza kwa sababu mto ulikuwa umejaa, na njia nzima alikuwa ananitania kwamba padri atanifugisha ndevu.

Baba alitangulia kumimina punje zake. Akachukua moja akanionyesha, akasema, "Hii yako," akaitia. Nikaandika. Baadaye kidogo akaja mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo kazi uliyoipata mjini? Kuhesabu mahindi ya watu?"

Akafungua jani lake, akaanza kutia moja moja. Kila punje aliitia kwa uangalifu, ya watoto wa dada zake wote, wakubwa kwa wadogo. Moja akaishika kati ya vidole viwili, akatabasamu.

"Na hii ndiyo wewe."

"Baba amekwisha kunitilia, mjomba."

"Baba yako amekulea. Mimi ndiye mwenye wewe. Yeye atie yake, na mimi natia yangu."

Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia. Nilikuwa na kalamu mkononi na akili zangu zote kichwani, na nilijua kwamba mtu mmoja ameingia kikapuni mara mbili, tena mtu huyo ni mimi. Lakini ni kijana gani asiyefurahi kuona anagombewa? Moyo ulinijaa utamu. Niliona wazee wawili wananitaka, kila mmoja kwa haki yake, nikacheka kipumbavu, nikaandika. Wala sikufikiri kwamba kama nimeingia mara mbili mimi, basi wameingia mara mbili wote.

"Na yako iko wapi, mjomba?" nikamwuliza.

"Mtu hajitii mwenyewe. Hutiwa na mjomba wake, na wa kwangu nilishamzika." Akalikung'uta lile jani nione kwamba hamna kilichobaki, akaondoka.

Punje zikaingia kwenye chupa, chupa zikaandikwa majina ya vilima, zikapangwa kwenye rafu. Bwana alijumlisha siku mbili. Alipomaliza akajumlisha tena. Kisha akatoka nje bila kofia, kitu ambacho Mzungu wa siku zile hakufanya, akaenda mpaka bomani kuwaambia. Milima ilikuwa na watu wengi kupita alivyodhani mtu yeyote, karibu maradufu. Walifurahi. Walisema ni dalili ya amani na utawala mwema. Bwana alinipa mkono mbele ya askari, na ile habari ikaenda chuo kikuu na treni ya kwanza. Mvua za vuli zilinyesha zikapita, na mimi nilikuwa bado natembea kama niliyeinuliwa kwa kamba.

Kiangazi kilipoingia, mkuu wa boma, yule tuliyemwita Bwana Shauri, alitaka watu wa kujenga daraja la mto Wami, kwenye njia ya Dakawa, likamilike kabla masika hayajashuka. Miaka ya nyuma aliwaita maakida, wakabishana, wakakubaliana. Safari hii hakumwita mtu. Aliagiza daftari letu. Akakaa nalo asubuhi moja na rula, akagawa kilima kwa kilima kwa kadiri ya punje, na jioni yake ikaletwa orodha niinakili vizuri ibandikwe ukutani.

Nilikuwa na mazoea ya kunakili bila kusoma. Nilifika kwenye mstari wa kilima chetu, nikaandika jina la kilima, nikaandika vijana arobaini, na mkono ukasimama.

Kile kilima nakijua. Nilianza kuwapita kichwani, nyumba kwa nyumba, kuanzia kijitoni mpaka kwenye migomba ya juu, kijana mmoja mmoja, bila kujali mwiko. Nilipata kumi na tisa. Mmoja wao alikuwa kilema na mmoja alikuwa mimi. Nikarudi nikaanza upya kutoka juu kushuka chini. Kumi na tisa. Nikafungua daftari. Mstari wa baba yangu, mstari wa mjomba wangu, mstari wa baba wa binamu zangu, mstari wa mjomba wao. Kila kijana alikuwa kwenye mstari wa aliyemlea, na tena kwenye mstari wa aliye mwenye yeye. Hakuna mzee hata mmoja aliyedanganya. Kisha nikakumbuka orodha ya watumishi wa boma, nikaivuta, nikakuta jina langu. Nilikuwa nimehesabiwa mara tatu. Niliketi pale nikijitazama mara tatu, na jasho linanitoka kwenye kanzu yangu nyeupe.

Nikaenda kwa Bwana wa Hesabu. Nilimweleza kwa mkupuo, bila kujificha, na wazo la punje lilikuwa la nani nikalisema. Alisikiliza amesimama. Uso ulimpauka, na nikaona kwamba ameelewa. Kisha, Mungu wangu, uso ule ukaanza kung'aa. Akavuta kiti, akavuta karatasi.

"Kwa hiyo mjomba ndiye mwenye mtoto? Si baba? Na ardhi pia? Eleza tena, polepole."

Nilieleza. Aliandika kurasa na kurasa. Aliniuliza juu ya ndoa, maziko, nani anarithi nini. Nilijibu yote nikidhani kila jibu linatufikisha karibu na ile orodha. Mwishoni aliweka kalamu chini, akasugua mikono.

"Hii ni habari kubwa sana, karani. Huko kwetu hawajui kitu kama hiki. Itakuwa habari bora ya mwaka."

"Na wale vijana arobaini, Bwana?"

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. "Hesabu ya mwaka huu imekwisha kufungwa," alisema. "Imekwisha kufika chuo kikuu. Mwaka ujao tutahesabu kwa njia iliyo bora."

"Mwaka ujao daraja litakuwa limekwisha."

Alianza kuzipanga zile kurasa, na masikio yalikuwa yamemwiva.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwa Bwana Shauri. Nilisema hesabu ya kilima chetu ina makosa. Hakukasirika; ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alifungua daftari, akauweka ukurasa mbele yangu.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu, Bwana."

"Uliandika uongo?"

Hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, vilitolewa uani mwa boma kila siku ya Mungu, na mimi ndiye niliyeandika majina. Nilijua sauti zake.

"Hapana, Bwana," nikasema.

"Basi ni kweli. Nenda."

Nilitoka. Sijui nilipita mlango gani.

Siku ya kukusanyika, mjomba alishuka na watu kumi na saba. Kilema alibaki, na mimi nilikuwa wa boma. Walipanga mstari uani, majembe begani. Askari akapita akihesabu kwa kunyoosha kidole, mmoja, wawili, watatu, na nikaona vijana wanafumba macho kidole kinapowafikia. Alipofika mwisho akasonya.

"Wengine wako wapi?"

"Bwana, wengine ndio hawa hawa," mjomba akasema.

Askari akadhani anafanyiwa dhihaka, akampiga kofi. Mzee mzima, mndewa, mbele ya wapwa zake. Nilikuwa dirishani. Kalamu ilikuwa nyuma ya sikio langu, na sikutoka.

Hukumu ya Bwana Shauri ilikuja kwa mdomo tu, wala haikuchukua muda. Waliopo watafanya kazi ya arobaini. Kila mtu atafanya zamu yake na zamu ya asiyekuwepo. Na kwa kuwa mzee wao ameficha watu, atakwenda nao, atabeba mawe kama wao mpaka daraja lishikane.

Waliporuhusiwa kunywa maji nilimfuata. Shavu lilikuwa limevimba. Nilimwamkia, akaniitikia kama siku zote.

"Mjomba, kosa ni langu. Ni zile punje."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, na mshangao wake ulinitisha kuliko lile kofi.

"Kosa gani? Mimi nilitia watu wangu. Baba yako akatia wake. Nani kamwibia nani?" Akajifuta maji mdomoni. "Kama hawa wanataka watu waliolelewa na mtu mmoja, wakawa wa mtu mmoja, walime, wazikwe, wote kwa mtu huyo huyo mmoja, basi hawakuja kututafuta sisi."

"Nitakuja kukutazama," nikamwambia.

"Njoo na ugoro. Nasikia huko bondeni hamna mzuri."

Nilinunua ugoro. Ulikaa mezani kwangu wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Dakawa si mbali na mjini. Mtu mwenye miguu anakwenda na kurudi. Lakini nilijiambia kuna kazi, na kweli ilikuwapo: kila siku nilinakili kurasa mpya za Bwana juu ya wajomba wa Uluguru. Wenzake walikuwa wamemwandikia. Habari ile iliwafurahisha sana. Ukweli ni kwamba niliogopa kumwona amebeba jiwe.

Daraja lilishikana siku chache kabla ya masika. Vijana walirudi wakipita mjini, wamekonda mpaka meno yanaonekana makubwa. Niliwapokea barabarani na ule ugoro mkononi, nikimtafuta kwa macho. Binamu yangu alitoka kwenye kundi akanipa kibuyu cha mjomba cha ugoro, kitupu.

"Alikuwa anafanya zamu mbili kama sisi," alisema. "Tulimkataza, akasema moja ya kwake, moja ya kwako. Maana wewe ulikuwa umeandikwa, na hukuwepo. Siku moja alikaa chini apumzike, akasema anasikia baridi. Tulipomwita hakuitika."

"Mmemleta wapi?"

"Hawakuturuhusu kumbeba. Tumemzika huko huko, ukingoni mwa Wami."

Nilipiga kelele. Watu walitoka madukani. Mndewa wetu, aliyewazika wote kilimani, aliyejua kila kaburi la ukoo na jina la aliyelala ndani, amelazwa tambarare, mahali pa mafuriko, hakuna mkubwa wa ukoo kichwani pake. Na jiwe alilokufa nalo lilikuwa la zamu yangu. Nimeishi miaka mingi tangu hapo na sijapata maneno mengine ya kulisema hilo.

Mama hakunililia. Alikaa barazani mwa nyumba yake, masika yanamwagika, akaniuliza swali moja tu. "Kwenye makaratasi yenu, kaka yangu kaandikwa?"

Nikasema nitatazama.

Bwana wa Hesabu alikuwa anafunga mwaka. Aliandika habari za mwisho: mvua iliyonyesha, ile ya ajabu ikiwamo, wageni waliotembelea, na waliopungua kwa kifo katika kila kilima. Nilimwambia juu ya mjomba. Alisimama, akavua miwani, akasema pole, na najua aliisema kwa moyo. Macho yalimlowa. Akafungua daftari amtoe kwenye hesabu. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari. Kikafika kwenye mstari wa mjomba, penye punje zote alizotia.

"Yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Hakujitia. Hutiwa na mjomba wake, na wa kwake alikufa zamani."

"Na baba yake?"

"Naye alikufa zamani."

Alivaa tena miwani, akautazama ule mstari. "Basi siwezi kumtoa," akasema polepole, kwa huzuni kabisa. "Ambaye hakuwamo hawezi kupungua." Akaandika kwamba katika kilima chetu, mwaka ule, hakuna aliyepungua. Akanisogezea ninakili.

Nilinakili. Mkono huu.

Siku ya kufungasha chupa, Bwana alikwenda kula chakula cha mchana akaniacha na majani makavu na masanduku. Nilichukua chupa ya kilima chetu. Nilikuwa nimetoka na punje moja nyumbani kwa mama, kutoka kwenye mahindi aliyoyafunga mjomba mwenyewe juu ya meko. Nilifungua kizibo. Sikuwa mjomba wa mtu yule, nilikuwa mpwa wake, na kwa desturi sikuwa na haki ya kumtilia. Nikaitia. Ilianguka juu ya zile nyingine, na sikuweza tena kuijua ni ipi.

Bwana aliporudi alifanya hakiki ya mwisho, kama kawaida yake. Aliimwaga chupa yetu mezani, akahesabu kwa kisu cha karatasi, mbili mbili. Akahesabu tena. Mara ya tatu aliinua kichwa, na nikadhani ameelewa, nikawa tayari kwa lolote. Lakini alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nilipompa zile habari za mjomba, kama mtu aliyepata kitu kidogo cha kumfariji mwenzake.

"Karani, tulikosea kidogo," alisema. "Kilima chenu kimeongezeka mtu mmoja."

Akasahihisha kwa wino mwekundu. Nami nikakaa nikanakili ukurasa upya, ukaenda na treni, pamoja na chupa. Kwa hiyo kwenye kitabu cha habari cha chuo kikuu chao, kama hakijaliwa na panya, imeandikwa kwamba mwaka ule kilimani kwetu hakuna aliyepungua, na ameongezeka mmoja. Huyo mmoja ni mjomba wangu. Alikuwa amekwisha kuzikwa.